Nilipokosa Kinywa cha Kuomba

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na nyinyi mliokaa nyuma karibu na mlango, asifiwe na kwenu pia! Ahsanteni. Nitasema polepole leo, na mkiniona nimenyamaza katikati ya neno, msidhani nimesahau. Nasubiri shavu langu linipe ruhusa.

Wengi husimama hapa wakiwa wameshapona. Mimi nimesimama kabla majibu hayajatoka. Mzee wetu mmoja wa kanisa aliniambia kwa upole, "Mama Deo, si ungengoja kwanza daktari aseme?" Nikamwambia, mzee wangu, hili nililonalo lilitendeka kabla sijamwona daktari huyo, na nikiendelea kulifungia kifuani litanipasua. Ndugu zangu, Mungu yupo! Yupo jamani, na ana njia zake ambazo mimi na nyinyi tusingemshauri hata kidogo.

Mnanijua nilivyokuwa. Mdomo wangu ndio uliokuwa duka langu. Nauza mitumba ya watoto Mwanakwerekwe, na mitumba ni mdomo. Ukikaa kimya juu ya rundo la nguo, watu watakupita wakidhani na wewe ni mteja unachagua. Jioni nakuja hapa mazoezini, sauti ya kwanza, na nyinyi wa sauti ya pili mnajua nilivyokuwa nikiwafunika. Nisameheni, lakini ndivyo ilivyokuwa!

Na nyumbani pia. Nakaa Mji Mkongwe, ghorofani, kwenye nyumba ile ya zamani ambayo chumba kimoja kikubwa kimegawanywa kwa kiambaza cha mbao kikawa viwili. Upande huu nakaa mimi peke yangu, kwani Deo wangu ni mkubwa sasa na ana mji wake Dar es Salaam. Upande wa pili anakaa Bi Zuhura, mjane, rika la marehemu mama yangu, Mwislamu safi wa huko kaskazini. Kila asubuhi nikifungua mlango nilikuwa napaza sauti, "Shikamoo, Bi Zuhura!" Naye ndani, "Marahaba, mwanangu! Umeamkaje?" Hapo tena ndiyo tumeanza, mpaka chai inamwagika jikoni. Ramadhani sahani ya futari inavuka kuja kwangu, Krismasi sahani ya pilau inavuka kwenda kwake. Miaka yote hiyo hatujawahi kukosana.

Maumivu yalikuja nikiwa napiga mswaki. Kha! Mswaki uligusa upande wa kushoto, na kitu kikanipiga kutoka sikioni mpaka kidevuni, kama mtu aliyeshika waya wa pasi uliochunika. Nikaangusha mswaki. Kikaniacha, nikabaki nimeshika sinki. Nikajiambia ni gego hilo. Nikaenda kwa daktari wa meno, akapiga picha, akaniambia jino zima. Mimi nikamkatalia! Nikamwambia ling'oe, mwenye maumivu ni mimi. Nilivyomng'ang'ania mwisho akaling'oa, jino zuri, jeupe, halina hata doa. Nikarudi nyumbani na pengo langu, na maumivu yangu yako pale pale.

Ndugu zangu, kuumwa ni jambo moja, na kuumwa kitu kisicho na jina ni jambo jingine kabisa. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa kiza, nami nilikuwa kwenye kiza hicho mchana kweupe. Huyu anasema ni baridi yabisi, huyu anasema ni husuda, huyu ananiletea mafuta ya mkarafuu. Mimi moyoni nilikuwa na neno langu moja, uvimbe wa kichwa, maana shangazi yangu aliondoka nao. Sikumwambia mtu. Nililala nalo na nikaamka nalo.

Kisha ikawa kila kitu kinayaamsha maumivu. Kutafuna, kunawa uso, kucheka. Upepo, jamani, huu upepo wetu wa pwani ambao watu wanatoka Ulaya kuja kuutafuta! Ukinigusa shavu, nimekwisha. Na kusema. Neno moja tu, hata "naam", lilitosha kunipiga nikaona nyota. Basi nikaacha kusema. Na nikitoka nje najifunika mtandio uso mzima, macho tu ndiyo yaliyobaki nje. Kitambaa chenyewe kiliniuma kikinigusa, lakini upepo ulikuwa mbaya zaidi.

Hebu fikirini sasa. Mama Deo, muimbaji wa kanisa, anaonekana sokoni kafunika uso, kimya, macho chini! Pale Mwanakwerekwe nilipokewa kwa shangwe. "Mashallah, dada, hongera! Mwenyezi Mungu akuthibitishe!" Mmoja akanichagulia na jina jipya la Kiislamu. Ningejibu vipi? Nilitikisa kichwa kukataa, wakasema tazameni heshima yake, hata kusema hataki.

Habari ikafika huku kanisani kabla yangu. Mama zangu wawili wakaja kunitembelea, wako hapa, siwataji, lakini naona mmoja anatazama dari. Wakaukuta mtandio umetundikwa msumarini. Wakautazama, wakatazamana. Mmoja akaniuliza, "Dada, ni kweli umetuacha?" Nami shavu lilikuwa linawaka, machozi yananitoka, sikuweza kufungua mdomo. Wakaona machozi, wakasema dhamiri inamsuta. Wakaniombea nusu saa nzima nirudi kundini! Leo nacheka kwa upande mmoja. Siku ile iliniuma kuliko gego.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa kwa Bi Zuhura. Nilikuwa nafungua mlango na yeye yuko ukumbini anapepeta mchele wake. Namwinamia kichwa, napita. Siku ya kwanza alishangaa. Siku ya pili akaniuliza, "Mama Deo, kulikoni?" Nikaonyesha shavu kwa kidole kupitia mtandio, nikashuka ngazi mbio kabla upepo wa dirishani haujanipata. Hakuelewa. Nyinyi ni watu wa hapa, mnajua. Unguja hii mtu mzima asiyepewa shikamoo na jirani yake amevunjiwa heshima, tena heshima kubwa. Mtu hapiti kimya mbele ya mkubwa wake ila kama amenuna. Basi akajua nimenuna. Akaanza kukaa ndani akisikia mlango wangu. Sahani zikaacha kuvuka.

Nikabaki na Mungu peke yake. Alasiri moja nimerudi mapema, nimepigwa na maumivu ngazini mpaka nimepanda kwa magoti. Nikajitupa mkekani, nikasema sasa naomba. Sisi hapa tunaomba kwa kupaza sauti. Mtu akiomba kimya tunadhani amesinzia. Nikafungua kinywa niseme "Yesu", na ile silabi ya kwanza ikanipiga. Nikajaribu tena, ikanipiga tena. Ndugu zangu, niliogopa siku ile kuliko siku zote. Nilijiona nimeondolewa hata mlango wa mwisho. Nikawaza, Mungu atamsikia vipi mtu asiyekuwa na kinywa? Nikalaza paji la uso ukutani, kwenye kile kiambaza, nikakaa hivyo.

Na upande wa pili Bi Zuhura alikuwa amemaliza kusali. Nilisikia Kiarabu chake cha chini chini kama siku zote. Halafu akageuza, akawa anaomba kwa Kiswahili. Aliwaombea watoto wake. Akawaombea marehemu wake. Kisha nikasikia:

"Na jirani yangu, Ya Rabbi. Mama Deo. Kama mimi nimemkosea, nisamehe mimi. Na kama ana dhiki asiyoweza kuisema, Wewe unaijua, isemee Wewe. Mimi sijui alilonalo. Wewe unajua."

Nywele zilinisimama! Bwana asifiwe! Mnasikia maneno hayo? Dhiki asiyoweza kuisema! Nani alimwambia? Mimi nilikuwa sijamwambia mtu, na kinywa kilikuwa kimefungwa kwa maumivu wakati ule ule. Na huyu mama anaamini nimemnunia! Anaamini nimemdharau mbele ya ukumbi mzima! Angeweza kunishitaki kwa Mungu, na angekuwa na haki. Badala yake alikuwa ananiombea kwa jina, na kwa jinsi alivyolitaja bila kutafuta maneno, nilijua si mara ya kwanza. Siku zote nilizodhani hakuna anayenisemea, jina langu lilikuwa linapelekwa mbele za Mungu kutoka upande wa pili wa ubao.

Nililia bila sauti. Nilikuwa naogopa hata kujisogeza, kana kwamba kuna mtu mkubwa ameingia chumbani. Ile hofu ya uvimbe, ndugu zangu, ilinitoka pale pale. Maumivu hayakutoka, nasema kweli mbele za Mungu, hayakutoka. Hofu ndiyo iliyotoka, na haijarudi mpaka leo.

Nikainuka, nikaenda kugonga mlango wake. Akafungua, uso ameukaza. Nikavua mtandio nikamwonyesha. Na dirisha la ukumbini liko wazi! Upepo ukaja, ukanipiga mbele ya macho yake. Aliuona uso wangu unavyojikunja, akanidaka nisianguke.

"Lahaula! Mwanangu, kumbe unaumwa!" Akafunga dirisha kwa kishindo. "Na mimi mtu mzima mzima nakununia huku! Njoo, kaa. Usiseme kitu. Usiseme!"

Usiku ule aliniuliza moja moja, nami nikamjibu kwa mikono, na asubuhi yake akaniburura hospitali. Mimi nilikuwa nimeshachoka kwenda, maana daktari akiniuliza nashindwa kueleza, naandikiwa dawa ya jino. Safari hii Bi Zuhura alikaa kiti cha mbele. "Nitasema mimi, dokta. Huyu neno moja linampiga kama umeme. Upepo unampiga. Mswaki unampiga. Halafu maumivu yanakwisha, anakuwa mzima kama mimi na wewe. Jana nimeyaona kwa macho yangu, wallahi." Mimi natikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, ndiyo. Daktari yule, Mungu ambariki, aliweka kalamu chini akasikiliza mpaka mwisho. Akasema huenda ni mshipa wa fahamu wa usoni, lakini hataki kuupa jina mpaka nipigwe picha kubwa ya kichwa aone kama kuna kitu kinaugusa. Akanipa vidonge nijaribu wakati tunasubiri. Picha nimeshapiga. Majibu ni Jumanne.

Vile vidonge havikufanya kazi siku ile wala ya pili. Asubuhi moja nikafungua mlango, Bi Zuhura yuko ukumbini na ungo wake. Nikajisikia uso umetulia. Nikasema nitajaribu neno moja, na likinipiga linipige. Nikasema, "Shikamoo, Bi Zuhura."

Ungo ulimtoka mkononi, mchele wote chini. Akasema, "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba," akawa anarudia tu na machozi yanamtoka. Tukainama pamoja kuokota mchele. Sijawahi kuimba wimbo humu ndani uliokuwa mtamu kama neno lile moja.

Basi ndugu zangu, sijui Jumanne wataniambia nini. Labda ni mshipa, labda ni jambo jingine. Nimekuja leo kwa makusudi ili majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya, mjue nilishamshukuru. Vidonge nakunywa, hospitali nakwenda, na wewe unayeumwa nenda, usimkimbie daktari ukasema ni imani. Lakini wewe uliyekaa hapo kimya, mwenye jambo lisilo na jina, ambaye hata kuomba umeshindwa, nakuambia mtumaini Yeye. Umenyamaza wewe, Yeye hajanyamaza. Kuna mtu mahali anakutaja, na huenda ni yule unayedhani amekununia.

Wimbo anzisheni nyinyi wa sauti ya pili, leo ni zamu yenu. Mimi nitasikiliza. Ila nina ombi moja. Pale nje barazani kuna bibi wa baibui, ameushika mtandio wangu. Alisema ndani haingii, atanisubiri pale pale ili anikinge na upepo tukirudi. Mkitoka, msimpite kimya. Mpeni shikamoo yake, kila mmoja.