Nashipae wa Moshono, Aliyekataa Watoto Kudanganywa

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi. Hapo ndipo kila kitu kiliharibika. Wasikilizaji wapendwa, siku hiyo alifariki Nashipae, mke wangu, mlezi wa wanafunzi katika shule moja ya msingi huku Moshono. Presha ilimwangusha akiwa kazini.

Mimi niliishia la saba, nasema nilivyoona. Nashipae alikuwa na chumba kidogo shuleni. Mtoto aliyefiwa, au anayechapwa kupita kiasi kwao, aliingia mle. Hakuulizwa kitu. Alipewa ungo wa maharage achambue, na Nashipae akachambua naye, mpaka mtoto aanze kusema mwenyewe. Mama Lucky aliniambia, "Mwanangu alikuwa anakojoa kitandani tangu tumzike baba yake. Kwa mkeo ndiko alikolia, akaacha."

Sheria yake ilikuwa moja: mtoto asidanganywe. Moja tu.

Sasa sikieni wakubwa walivyomlipa. Chumba kilifungwa wiki ileile, wakajaza madawati mabovu. Nikafuatilia, nikaambiwa wanasubiri mlezi mwenye cheti. Na Mzee Aminiel, mwenyekiti wa kamati ya mazishi, akaamuru binti yetu Naserian apelekwe Kikatiti kwa bibi yake kabla jeneza halijafika. Aambiwe mama yuko semina Dodoma. "Baba Naserian, kaza moyo," akasema. "Huyu ni mtoto, atasahau." Wanakamati wakaitikia, na walimu wa shuleni kwa Nashipae walikuwemo.

Mwezi mmoja baadaye binti akarudi. Akakuta saruji mpya kwenye migomba. Aminiel akamwambia ni tanki la maji. Msalaba wameusimamisha, jina wameliandika, wakasahau kwamba mtoto yuko darasa la tatu na anajua kusoma.

Akasoma jina la mama yake. Hakulia. Mpaka leo hajalia, na kuongea ni kwa nadra. Wakubwa wananipongeza, eti mtoto jasiri. Nashipae angewaambia huo si ujasiri. Huyo mtoto hamwamini mtu.

Pole mama mkwe, kule Kikatiti. Ulilazimishwa kuficha msiba wa mwanao mwenyewe. Pole Naserian, mwanangu. Nanyi mnaonisikiliza, wazazi, walimu, wenyeviti, jiulizeni mnamkinga mtoto, au mnakwepa machozi yake.

Siku ile pale kaburini, binti alinigeukia akauliza.

"Baba, na wewe ulijua?"