Gundi ya Chumba Namba Tisa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Hakimu Mkuu. Makarani na mawakili mlioacha kazi zenu mkaja. Mama Gundi, uliyekataa meza kuu ukasema kiti chako unakijua. Na ninyi wenzetu wa benchi:

Mheshimiwa, karibu chumba namba tisa. Tunajua hujawahi kufika huku, maana tuko nyuma ya ngazi, baada ya vyoo, na mtu mwenye shughuli zako hana sababu ya kupita. Sisi sababu tulikuwa nayo. Sisi ni watu mia mbili na kumi na wanne tuliopata talaka katika jengo hili, wanawake kwa wanaume, na baadhi yetu tulioachana tumekaa leo safu moja bila kununiana. Mheshimiwa, hilo peke yake linastahili makofi.

HISTORIA YETU

Hapa palikuwa stoo ya mifagio. Miaka sita iliyopita karani mstaafu wa masjala, ndiye huyu Mama Gundi, aliomba ufunguo, akaingiza meza, benchi moja na kopo la gundi. Kwa miaka thelathini alikuwa amewaona watu dirishani kwake wakirudishwa kwa kosa lile lile. Mtu akiichukia ndoa, anachana cheti cha ndoa. Kisha anakuja kudai talaka, anaulizwa: "Cheti kiko wapi?" Anarudishwa nyumbani, kwa kuwa hakuna anayeivunja ndoa mbele ya hakimu kabla hajaonyesha kwamba ilikuwapo. Nakala mpya hupatikana palipoandikishwa ndoa, lakini ni nenda rudi ya wiki nzima, na hasira haina subira hiyo.

Wageni wakisikia jina la Mama Gundi hudhani anagundisha ndoa. La hasha. Anagundisha vyeti.

Mfano ni fundi cherehani anayekusomea risala hii. Alituomba sehemu hii tuiruke; tukapiga kura, akashindwa. Fundi alifika hapa na vipande kumi na saba vya cheti ndani ya mfuko wa vifungo. Alitaka talaka siku hiyo hiyo, cherehani zote mbili, watoto wote watatu, na mkewe asiondoke hata na sindano.

"Baba," Mama Gundi akamwuliza, "kitambaa cha mteja unakikata kabla ya kupima?"

"Hapana, mama."

"Basi keti upime."

Akampa karatasi mbili. Ya kwanza aandike yote yanayomchoma. Fundi aliijaza mbele na nyuma, akaomba ya ziada. Ya pili aandike watoto watalala wapi, nani atawapeleka zahanati, nani ataitwa shuleni, na kila kitu cha nyumbani kilipatikana vipi na kwa jasho la nani. Hiyo ikabaki nyeupe. Fundi alilia pale pale kwenye benchi, kwa sababu aligundua hajui hata kiatu cha kitindamimba wake ni namba ngapi.

Ikabidi aende kumwuliza mama yao, ambaye alikuwa hajasemeshana naye miezi mitano. Walianzia kwenye viatu. Ndoa haikurudi, tusidanganyane. Lakini mambo ya watoto waliyamaliza wenyewe, na hakimu akayapitisha bila kuongeza neno. Mama huyo yuko safu ya pili. Ndiye aliyesahihisha herufi za risala hii, na amesema kazi ilikuwa kubwa.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, tazama ukuta wa kushoto. Hayo ni maandishi ya Mama Gundi, na sisi tunayajua kwa moyo. Usichane karatasi yoyote. Toa nakala za vyeti vya watoto na kadi zao za zahanati, uziweke kwa mtu unayemwamini. Usitie saini usichosoma. Kama hujui kusoma, njoo usomewe. Ukipigwa au kutishiwa, usisubiri karatasi: ondoka kwanza, toa taarifa, mengine yatafuata. Mtoto si tarishi, usimtume matusi. Mstari wa mwisho unasema: talaka ni ya wawili, wajomba na mashangazi wangoje nje. Huo umetuokoa wengi.

Tunampenda Mama Gundi, na tunalisema mbele yake ingawa anatukunjia uso.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, na ina saini yako.

Barua ilifika wiki jana: chumba kiachwe wazi ifikapo Ijumaa, kiwe ghala la majalada ya zamani. Fundi aliisoma kwa sauti, akaichana. Ndiyo, fundi huyu huyu! Na sisi, watu wazima tuliofundwa miaka sita, tukampigia makofi.

Mama Gundi hakupiga. Magoti yake ni mabovu, lakini aliinama akaokota kipande kimoja kimoja. "Mmesahau kila kitu," alisema. "Sasa mtajibu nini, na hamna barua?" Akafungua kopo. Barua inayomtoa humu ameigundisha kwa mikono yake mwenyewe.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba, yote makali. Mama Gundi akatukabidhi zile karatasi zake mbili. Ile ya kwanza tumeijaza, na hatutakusomea. Kwenye ya pili tulipata kuandika mstari mmoja tu:

Jumatatu, mtu aliyechana cheti chake atakwenda wapi?

Mheshimiwa, fundi sasa anakukabidhi barua yako. Haikosi hata kipande. Imebandikwa juu ya karatasi kubwa kidogo, hivyo chini ya saini yako pamebaki nafasi. Tulitaka kupajaza sisi. Mama Gundi akatukataza, akasema mwenye kalamu ya hapo ni wewe.

Mungu akupe afya na hekima, na nyumbani kwako pasikauke kicheko, usije ukalihitaji benchi letu. Ukilihitaji, tutasogea.

Gundi imeshakauka. Unaweza kuandika.

Ni sisi,
Watu wa Benchi, Chumba Namba Tisa