Mpunga wa Kidete Ulianza kwa Lazaro

Wafiwa wenzangu, majirani, na wageni mliotoka Ruhembe na Kilosa mjini, mimi Filipo, mdogo wake marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza nisifungue kinywa mpaka Bi Joha awe amefika, na sasa namwona pale mkekani, naanza.

Marehemu Lazaro Lupakisyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1923 hapa Kidete, mtoto wa kwanza wa Mzee Lupakisyo, aliyetoka Kyela kuja kufanya kibarua cha reli. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, mwaka 1937, kisha akakata mkonge karibu na Kilosa mpaka mwaka 1955. Tarehe 12 Oktoba 1946 alifunga ndoa na shemeji yetu Generoza, wakajaliwa watoto wawili, Ulimboka na Agnesi.

Mwaka huohuo wa 1955 alikwenda Kyela kumzika babu, akarudi na mbegu ya mpunga ndani ya foronya, akalima majaruba kando ya mto Mkondoa, akapandikiza miche kwa mistari, na watu wa hapa, waliozoea mahindi yao, walicheka wakasema mtoto wa mtu wa reli anapanda majani. Mwaka 1958 miche ikamzidi, akairundika kando ya mfereji ikauke, jirani yake Bi Joha akapita, akaiomba, akapewa.

Ehe, hapo ndipo kaka alipojipalia makaa mwenyewe. Bi Joha alipanda, akavuna, akatwanga, akasimama stesheni na ungo wake akiwaita abiria madirishani, na mpaka tunapata Uhuru, garimoshi likisimama tu, watu wa Tabora na Dodoma walikuwa wakiulizia mchele wa Joha. Majirani nao wakachukua mbegu kwake, bonde zima likawa mpunga, malori yakaanza kuja, na jina lililokuwa mdomoni mwa kila mtu halikuwa la Lazaro.

Wivu ulimshika, nasema wivu na silipambi neno, maana nyote mlimwona. Mwaka 1963 alibeba kapu lake mpaka stesheni, mama mmoja akachungulia dirishani, akamwamkia vizuri, akamuuliza Joha amekwenda wapi leo, na kaka akarudi na kapu limejaa vilevile. Mwaka 1974, tulipohamia kwenye vijiji vya ujamaa, mkutano ulimchagua Bi Joha kusimamia shamba la mpunga la kijiji, kaka akainuka, akakung'uta kaptura, akaondoka, na msimu ule akapanda mahindi matupu, ambayo Mkondoa ilifurika ikayabeba yote. Mwaka ule shemeji alinunua mchele kwa Bi Joha kwa siri, na kaka, akidhani ni akiba yake ya mwaka uliopita, kila akila alisifu kwamba angalau nyumba hii bado ina mbegu yake halisi, shemeji akamwongezea mchuzi.

Mwaka 1977 alianza kuugua moyo, miguu ikavimba, akatibiwa hospitali ya wilaya, na mwezi uliopita akarudishwa nyumbani. Bi Joha alikuwa akimletea uji wa mchele, na siku moja, sote tukisikia, kaka alimuuliza, "Bi Joha, mbegu ya bonde hili ilitoka kwa nani?"

"Kwako, Baba Agnesi," alijibu. "Lakini ulikuwa unaitupa."

Kaka alimaliza uji wote, kisha akaniagiza nije niseme mbele yenu kwamba mpunga ulianza kwake, na jibu la Bi Joha nilisome pia, asije akadai amepunjwa. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Agosti 1978, alfajiri.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliochimba kaburi, wenzake wa shamba la ujamaa, ambao aliwanunia miaka minne na bado wamekuja wote, na Bi Joha, ambaye mchele ulio jikoni sasa hivi umetoka ghalani kwake.

Kaka, nimesoma kama ulivyoagiza, mpunga wa Kidete ulianza kwa Lazaro Lupakisyo. Bi Joha yupo, amesikia, na hakubisha. Pumzika kwa amani.