Mwalimu na Namba Yake Tasa

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwaeleze maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu tu.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa seremala na mshonaji, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1978 akaingia chuo cha ualimu, ambako siku moja aligawanya 100,000,001 kwa 17, akapata 5,882,353, namba iliyomnyima raha. Aliijaribu kwa kila kigawanyo, likizo baada ya likizo, hadi akaridhika kwamba ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tena akagundua kwamba ukiikata vipande viwili, 588 na 2353, ukazidisha kila kipande kwa chenyewe, ukajumlisha, inarudi ile ile, nzima.

Alifundisha hisabati kuanzia 1980 hadi alipostaafu 2018, na tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na mwalimu mwenzake wa fizikia, ambaye husema hakutongoza mtu, alipewa namba aihakiki, alipomaliza akajikuta mchumba.

Miaka ikapita bila mtoto, na kwa kuwa ulimi hauna mfupa, mama mkwe alitamka mbele ya wageni, "Mwanangu ameoa tasa." Dada akamjibu kwa upole, "Mama, darasani kwetu tasa ni ile isiyokubali kugawanywa," kisha akaingia jikoni, akafunga mlango, akalia. Mwaka 1993 alijaliwa mtoto wa kiume, huyu mnayemwona ameshikiliwa pale mbele.

Tarehe 3 Februari 2023 alianguka kwa kiharusi akiosha vyombo, hakusema tena wala kufumbua macho, nasi wodini tukazoea kuzungumza juu ya kichwa chake kama vile kitanda ni kitupu, hata mwanawe, kwa uchungu, akasema, "Mama ameshaondoka, tusijidanganye."

Shemeji alimshika mkono mkewe, akamwinamia, "Ile namba yetu, kipande cha kwanza?" Kidole kikambonyeza kiganja mara tano, kikatulia, mara nane, kikatulia, mara nane tena. Akamuuliza, "Umekuwa ukitusikia?" Kidole kikabonyeza.

Kijana akapiga magoti, "Mama, nisamehe." Tulingoja. Kidole hakikusogea, daktari akasema huenda amechoka, na usiku huo homa ya mapafu ikampanda, akafariki alfajiri ya tarehe 21 Juni, wala hakuna kati yetu ajuaye kama alilisikia neno lile.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliolala nasi, na walimu wenzake mliochimba kaburi. Zaidi tunamshukuru muuguzi wa zamu ya asubuhi, ambaye miezi yote hiyo, sisi tulipokwisha kuacha kuzungumza naye, alivuta pazia akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akangoja kidogo, ndipo akaanza kazi.

Pumzika, dada, amani ikufunike.