Papa Léonard Kabera, Maiti wa Kwanza wa Atelye Yetu

Tarehe 29 Novemba 2025, Papa Léonard Kabera anatimiza miaka ishirini na moja ya kazi katika Atelye ya Filamu Tuonane, na siku hiyohiyo anastaafu. Alikuwa fundi wa makiyaji ya nyuso, mshonaji wa matambara, na maiti wa kwanza kufufuka katika filamu zetu zote tisa. Wenye kuandaa sherehe wametuomba tuandike kwa furaha. Tutajaribu.

Kwa asiyetujua: tunapiga filamu za wafu wanaotoka kaburini na kurudi kudai chao. Tuna kamera moja. Hatuna pesa ya vipodozi vya Ulaya, kwa hiyo Papa Léonard alivumbua vyake. Rangi ya uso ni unga wa muhogo na makala ya jikoni. Damu ni mchuzi wa maharagwe ya Masisi. Ngozi inayobanduka ni ganda la fromaji, jibini ya Masisi, kazi nzuri sana, ila siku moja mchezaji wetu Prince alikula shavu lake lote kabla kamera haijawashwa. Papa Léonard akamwambia: «Weye, Prince, hata kaburini utakufa njaa.»

Kule Mpofi, Walikale, alibeba jenereta mgongoni katika matope siku mbili ili watu waone filamu ambamo wafu wanafika kwenye bariera ya barabarani na askari anawauliza karatasi. Wamama wa Mpofi walicheka mpaka wakakaa chini. Walidai kipande hicho kirudiwe mara tatu. Hawakusema kilichowachekesha, na sisi hatukuuliza, maana tulikuwa tumepita bariera hizohizo asubuhi.

Alikuwa na sheria moja ya kazi: maiti hajibu. Ukishapakwa unga, unatembea, unatazama mbele, na hata mama yako akikuita huitiki mpaka filimbi ya kamera ilie. Sheria hiyo njo iliyotuletea mambo ya Shasha.

Ilikuwa Machi 2023. Tulikuwa tunapiga filamu ya tisa: wafu wa Kirolirwe wanaamka kwa sababu ng'ombe wa tajiri wanachungwa juu ya makaburi yao, wanashuka kilimani na kufuata barabara ya Sake hadi Minova. Tulikuwa maiti kumi na wawili, matambara mwilini, mchuzi wa maharagwe kidevuni. Kamera ilifichwa mbali, juu ya kilima, ili tuonekane wengi. Tulitaka watu wa Shasha, kijiji cha njiani, watuone, wapige kelele, wakimbie. Kukimbia kwao njo kungekuwa kipande kizuri kuliko vyote.

Hakuna aliyekimbia.

Watu walisogea pembeni watupishe. Wamama wa korali ya kanisa walitoka na maji na uji, kwa sababu desturi yao ni kwamba anayefika kwa miguu anakunywa kwanza, maswali baadaye. Mama Byukusenge, muuza samaki, alimtambua mkubwa wetu: «Yesu! Huyu njo Papa Léonard wa Kirolirwe! Angalieni namna amekonda!» Tulifanya kazi tangu alfajiri kuwa maiti wa kutisha, na watu wakatuona kama wageni wa kila wiki, wakimbizi wa vita. Tangu siku ile tunajiuliza: ni sisi tulioigiza vizuri mno, ao ni nchi?

Pale barabarani kulikuwa na agenti wa shirika moja la misaada, dada Valérie, na tableti yake. Alituuliza majina. Filimbi haikuwa imelia, hatukujibu. Akatuandika sote kumi na wawili: «Wameguswa akili, hawasemi.» Kwa maneno ya Mama Byukusenge akamweka Papa Léonard kuwa mkubwa wa familia, na sisi kuwa wa nyumba yake. Familia ya mia tatu kati ya mia tatu za kupewa shitingi, yaani turubai la kujikinga mvua. Orodha ikajaa.

Nyuma yetu alikuwa amesimama Mama Nyiransengimana na watoto wanne. Alikuwa ametembea siku nne kutoka milimani. Hakuwa na unga usoni. Dada Valérie akamwambia: «Mama, pole, lisiti ya majina imefunga.» Shitingi ya mwisho ilikuwa yetu, na mawingu ya mvua yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa Masisi.

Filimbi ikalia. Papa Léonard alikuwa wa kwanza kuvunja sheria yake kwa sauti:

«Dada, futa sisi. Siye ni wacheza filamu. Andika huyu mama.»

«Papa, minaelewa. Lakini mashini haikubali kufuta. Inakubali tu mwenye kurudi kwao na mwenye kufa.»

Kurudi kwao kulihitaji sahihi ya chefu, mkubwa wa kijiji mtu alikotoka, na chefu mwenyewe alikuwa ndani ya orodha, namba arobaini na saba.

«Basi andika nimekufa,» Papa Léonard akasema. «Kazi hiyo minaijua.»

Ilihitaji hati ya kifo yenye muhuri. Akapanda pikipiki na uso wake wa unga mpaka ofisi moja ya eta sivil, wanakoandika vizazi na vifo, ambayo hatutaitaja. Karani wa pale, Kanyamibwa, akauliza bila kuinua kichwa:

«Maiti iko wapi?»

«Njo miye.»

«Na nani anatangaza kifo?»

«Miye tena.»

Karani akamwangalia uso, akaridhika, akagonga muhuri. Muda wa saa mbili tu! Mama Nyiransengimana amezaa watoto wanne katika nchi hii na hakuna hata mmoja aliyewahi kupata hati ya kuzaliwa, tulimuuliza. Kuwa hai kuna foleni. Kufa kunahudumiwa upesi.

Mkubwa wa familia akifa bila mjane, mashini inafuta nyumba yote. Tulifutwa. Kabla ya saa kumi na moja jioni, Mama Nyiransengimana alifunga shitingi juu ya watoto wake, na mvua ikanyesha.

Filamu haikumalizika. Lakini karatasi ya Kanyamibwa inaendelea kufanya kazi mpaka leo. Mwaka uliofuata mtu alizungushia senyenge shamba la maharagwe la Papa Léonard kule Kirolirwe, akaonyesha kopi ya hati ya kifo: mwenyewe amefariki. Papa Léonard alienda ofisini kulalamika. Wakamwambia marehemu hana haki ya kulalamika. Kwanza apate hukumu ya kuwa hai, na hukumu inataka kadi ya mpiga kura, na kadi haipewi marehemu. Tulipiga kelele kwa hasira. Yeye alisema tu: «Yule mama alilala pakavu. Lakini shamba wataniachia.» Bado anaenda ofisini kila mwezi, na shati lake jeupe.

Kwa hiyo wasifu huu utumike pia kama karatasi. Sisi kumi na mmoja tuliofutwa pamoja naye Shasha, wenye sahihi hapa chini, tunashuhudia kwamba Léonard Kabera, mkulima wa Kirolirwe, tumemwona leo asubuhi akila sambaza, samaki wadogo wa ziwa, na kulalamika kwamba chumvi ni kidogo. Ofisi yoyote inayotaka zaidi imuite, sasa anajibu.

Aksanti, Papa. Tunakutakia maisha marefu na mazuri, na kabla ya hayo yote, tunakutakia maisha yenye muhuri.