Aliyevuta Mikanda ya Wenzake: Maisha ya Florent Ngoie Kabamba, 1968–2026

Wazazi, ndugu, marafiki, na ninyi watu wa uwanja wa mbio mliofika na baridi hii: mimi ni Rolande, mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa maman. Familia imenituma niwasomee maisha ya yaya yangu, kaka yangu mkubwa. Walisema niandike kwa upole, na mnanijua nilivyo. Nimejaribu. Kipande cha mwisho hamtakikuta kwenye karatasi mlizoshika, kwa sababu nimekiandika asubuhi hii kwenye benchi la kanisa, na karatasi zilikuwa zimekwisha kuchapwa.

Florent alizaliwa Likasi, siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa papa Josias Kabamba, fundi wa reli, na maman Sidonie Mujinga. Alipofika miaka minane alijitengenezea gari la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya makopo, akawa anashindana na watoto wa avenue nzima. Lake lilikuwa zito kuliko yote. Akikuta la mwenzake liko mbele, analisukuma mpaka mtaroni. Maman alimuuliza: "Florent, gari ya mwenzako ilikukosea nini?" Akajibu: "Ilikuwa mbele, maman." Maman aliisimulia hadithi hiyo mpaka mwaka aliofariki, na kila mara alicheka mwenyewe kabla ya kufika mwisho.

Alisoma shule ya msingi Likasi kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha shule ya ufundi Lubumbashi, akapata diploma d'État ya mécanique mwaka 1987. Alifanya kazi katika garaji moja ya Katuba. Tarehe 2 Novemba 1993 alifika Brussels na begi moja, akapokelewa na mjomba wetu, tonton Doudou, kule Auderghem. Tonton anasema siku ya kwanza Florent hakuuliza habari ya chakula wala ya kazi. Alifungua kapo, kifuniko cha injini ya gari la tonton, na kusema: "Tonton, unaendesha kintu hii na unasali kweli?"

Aliosha sahani kwenye restaurant, alipakua mizigo, na mwaka 1999 aliingia kiwanda cha magari cha Forest. Walimweka sehemu ya mikanda ya usalama. Kwa miaka ishirini na mitano alifunga mikanda katika magari ya watu asiowajua. Mashine ilikuwa inakagua kila mkanda, lakini yeye bado aliuvuta kwa mkono wake, mara mbili. Wenzake walimcheka, yeye akavuta tu. Kiwanda kilipofungwa Februari 2025 alirudi nyumbani na glavu zake za kazi, akaziweka juu ya televisheni. Ziko pale mpaka leo na hakuna aliyethubutu kuziondoa.

Tarehe 5 Julai 1997 alifunga ndoa na Alphonsine katika komini ya Auderghem, kisha kanisani. Siku hiyo tulichelewa, na kosa halikuwa la bibi harusi. Alphonsine alikataa kufunga mkanda garini, akisema gauni litakunjamana. Florent akazima moto wa gari. Akakaa, mikono kwenye usukani, na msafara wote nyuma unapiga honi. "Acha ikunjamane, Alphonsine. Miye nakutaka muzima." Alphonsine alifunga. Mungu akawapa watoto wawili, Hénock mwaka 1999 na Hadassa mwaka 2003.

Sasa nafika mahali pagumu, na wengine katika familia walitaka nipaache. Lakini yeye mwenyewe aliniambia, akiwa kitandani hospitalini Jette: "Rolande, usinifanye malaika. Sema ya Bertin." Basi, nasema ya Bertin.

Mwaka 2003 alikutana kiwandani na Bertin Bisimwa, mtu wa Bukavu aliyekuja hapa kama mkimbizi. Bertin alifunga viti, Florent alifunga mikanda, bega kwa bega, mmoja wa Kivu na mmoja wa Katanga, kutwa nzima wanachekana kwa lugha zao. Florent alimwita petit, yaani mdogo wake, Bertin alimwita yaya. Mwaka 2006 walinunua magari mawili ya kizee, wakang'oa vioo, wakaweka mabomba ya chuma ndani ili kumkinga dereva, wakaanza kushindana stock-car katika uwanja mmoja huko Wallonie, siku za Jumapili baada ya misa. Kwa ninyi maman ambao hamkuwahi kwenda: ni kuzunguka uwanja wa mviringo, na kusukumana kunaruhusiwa. Ukimkuta mwenzako mbele yako, unamgonga nyuma akupishe. Ndiyo, yule mtoto wa gari la waya alikuwa amepata mahali pake! Lakini kuna mambo mawili yaliyokatazwa kabisa: kumgonga mtu kwenye mlango wa upande wa dereva, na kumgonga wakati bendera ya njano, ile ya hatari, imeinuliwa.

Wawili hao walikuwa na desturi yao. Hakuna aliyejifunga mkanda mwenyewe. Bertin aliinama kwenye dirisha la Florent, akaikaza mikanda ya mabega, akaivuta mara mbili, akauliza: "Iko muzuri, yaya?" Florent akajibu: "Iko muzuri." Kisha Florent akatoka, akaenda kumfanyia Bertin vilevile, akarudi, na Bertin akanyoosha mikono kumfunga tena, maana magari yalikaa dirisha kwa dirisha na Florent alikuwa amefungua mikanda yake. Walipoteza muda, watu wa uwanjani waliwapigia kelele, nao hawakujali. Siku moja niliwaona wakifanya hivyo chini ya mvua, na nikawaonea wivu, kwa sababu mimi hakuna aliyewahi kunishughulikia vile.

Yaya yangu aliendesha kwa ukali. Nasema wazi. Watazamaji walimpenda kwa hilo, na lile pendo lilimharibu. Agosti 2014, katika mzunguko wa mwisho, Bertin alimgonga nyuma akamsukuma ukutani, akachukua kombe. Ilikuwa halali. Florent akataka aombwe samahani, Bertin akacheka: "Yaya, mbio ni mbio. Si weye njo ulinifundisha?" Hawakusemeshana wiki mbili. Jumapili tarehe 7 Septemba 2014, kila mmoja alijifunga mwenyewe.

Katika mzunguko wa tisa gari moja liliharibika katikati ya njia. Bendera ya njano ikainuliwa, wote wakapunguza mwendo. Florent hakupunguza. Aliligonga gari la Bertin kwenye mlango wa dereva. Bertin alivunjika bega na nyonga, akalazwa miezi minne, na tangu hapo anatembea na fimbo. Hasira hasara. Methali hiyo tuliifundishwa wote tukiwa wadogo, na haikumsaidia mtu siku ile.

Uwanja ulimfungia misimu miwili. Alisema walimhurumia. Gari lake alilipeleka mwenyewe kwenye vyuma chakavu na hakuendesha tena gari la mbio. Alikwenda hospitali mara tatu kuomba msamaha, na mara zote tatu Bertin aligeukia ukutani. Baadaye Bertin alihamia Namur kwa dada yake, akabadilisha namba ya simu. Mwaka 2017 Florent alirudi uwanjani, akawaambia wakubwa wa pale: "Sitaki kuendesha. Nipeni mikanda." Wakampa. Kwa misimu tisa alisimama kwenye geti, na hakuna gari lililoingia mbioni kabla hajainama dirishani na kuvuta mara mbili. Élodie, dada yetu mwenye saluni, ambaye naye hushindana, yuko hapa. Siku moja Florent alimshusha garini mbele ya watu kwa sababu mkanda wake ulikuwa umechakaa. Élodie alimtukana kwa lugha tatu, akaazima mkanda mwingine, akaingia, na katika mzunguko wa nne gari lake likabiringika mara tatu. Akatoka kwa miguu yake. Alimkumbatia Florent na kofia ya chuma ikiwa bado kichwani, akamuumiza pua.

Mnafikiri alifurahi? Alifurahi, ndiyo. Lakini kila Jumapili macho yake yalikuwa kwenye parking, kuona kama Bertin amekuja. Aliporudi nyumbani, Alphonsine hakumuuliza nani ameshinda. Alimuuliza: "Alikuya?" Naye akajibu: "Bado." Kwa miaka tisa hakusema hapana hata mara moja.

Mei 2025 alianza kuumwa tumbo. Madaktari waligundua kansa ya kongosho, naye akatibiwa hospitali kule Jette, ambako wauguzi walimtunza kama wa kwao, na tunawashukuru. Alipungua mpaka saa ikawa inazunguka mkononi. Mwezi wa Desemba nilitafuta namba ya Bertin, nikaipata, nikampigia. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya abbé, padri wetu. Akasema: "Nitakuya." Nikampelekea yaya habari hiyo. Akaomba kunyolewa ndevu. Akanyolewa, akangoja. Bertin hakuja.

Ijumaa tarehe 16 Januari, Florent aliniuliza: "Alikuya?" Nikasema: "Bado, yaya." Ningeweza kumdanganya. Najiuliza hilo kila siku. Alifariki kesho yake, Jumamosi tarehe 17 Januari 2026, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na saba, mkono wake ndani ya mkono wa Alphonsine.

Jumanne mchana Bertin alibisha hodi kwenye nyumba ya msiba, pale Forest. Mimi ndiye niliyefungua mlango, na mimi ndiye niliyetaka kuufunga tena. Alphonsine akasema kutoka ndani: "Rolande, leka aingie." Aliingia na fimbo yake, akasimama mbele ya zile glavu juu ya televisheni. Hakukaa. Alisema hivi, na ameniruhusu niyasome:

"Mukanda yangu ya bega haikukazwa ile siku. Nilikuwa na kasirani, niliivaa tu, sikuvuta. Munganga wa hospitali aliniambia: kama ingekazwa, bega isingevunjika vile. Nilijua tangu ile siku. Na niliacha yaya abebe yote peke yake. Kila nikitaka kuya, nasema nitamuangalia na macho gani? Haikuwa chuki, maman Alphonsine. Ilikuwa haya."

Mimi nililia kwa hasira. Miaka kumi na moja! Kugonga lilikuwa kosa la yaya, halifutiki, yeye mwenyewe hakulifuta. Lakini mmoja alikuwa Forest anamngoja mwenzake, na mwingine Namur anamwogopa, na kati yao ni mwendo wa saa moja tu wa treni. Hadassa alimletea Bertin kiti na chai. Alphonsine akasema: "Kaa. Alikungoja." Bertin akakaa, akalia mpaka chai ikapoa.

Marehemu ameacha mjane, Alphonsine, watoto, Hénock na Hadassa, mjukuu, Emmanuella, ndugu wanne walioko Likasi, Lubumbashi na Brussels, tonton Doudou, na mdogo wake, Bertin Bisimwa. Alphonsine ndiye aliyeamua jina hilo liandikwe hapo, kati ya ndugu, na kwa mara ya kwanza mwaka huu sikubishana.

Na hiki ndicho kipande ambacho hamna kwenye karatasi. Asubuhi hii Bertin aliomba kutuendesha yeye mwenyewe kutoka nyumbani mpaka kanisani: Alphonsine mbele, mimi na Hadassa nyuma. Tulikuwa tumechelewa. Hénock alikuwa anatupungia mkono tuondoke. Bertin hakuwasha gari. Alishuka na fimbo yake kwenye ule ubaridi, akazunguka. Akainama mlango kwa mlango. Akaushika mkanda wa Alphonsine, akauvuta mara mbili, akauliza: "Iko muzuri?" Akamfanyia Hadassa. Akaja kwangu. Nikaiacha mikono yake ivute. "Iko muzuri, Rolande?"

Nikasema tu: "Twende, tumechelewa." Nakujibu sasa, Bertin, mbele ya watu wote, na wewe, yaya, unisikie huko uliko, usingoje tena, ulale.

Alikuya, yaya. Iko muzuri.