Kahawa Tuliyompelekea Hodan

Benchi yetu iko mtaa wa Pioneer, nje ya duka la vitambaa la Yasin, na kama wewe ni mtu wa haraka usikae hapo. Osman ndiye muuza kahawa, kahawa tungu, tangawizi ya kukutoa machozi. Kipkemboi wa boda boda tunamwita Marathoni, kwa sababu alikaa kambi moja ya wakimbiaji kule Kaptagat msimu mmoja na hajawahi kutuacha tusahau. Wesonga, fundi wa viatu, ndiye Daktari. Usiniulize wa nini. Asubuhi hiyo duka lilikuwa limefungwa na Yasin mwenyewe ameketi katikati yetu, kichwa chini. Jana yake mkewe, Hodan, alikuwa amebeba mtoto wao mchanga na kwenda kwa mama yake Kimumu. Mtoto halali, analia usiku kucha, na nyumbani kulikuwa kumesemwa maneno.

— Mimi nilisema ni jicho, Osman akaanza, akimimina. Kuna mtu alimwangalia huyo mtoto, akasema amenona, na hakusema mashallah.

— Wacha hizo, mzee, Marathoni akasema. Mtoto anarusha miguu usiku mzima, moyo unaenda mbio. Huyo ni mkimbiaji. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo.

— Na medali ziko wapi? Osman akamuuliza.

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni, Marathoni akajibu, kama mtu ameshinda kesi.

Daktari akakohoa. Akikohoa hivyo ujue ushauri unakuja, utake usitake.

— Shida ni maziwa. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Sasa Yasin, si ulituambia maziwa ya Hodan ni nyepesi? Basi damu imeisha mwilini. Ndiyo maana nilikuambia ununue ya mkebe.

— Nilinunua, Yasin akasema. Nikamwambia maziwa yake imeharibika, asimpatie mtoto wangu tena. Nilimwambia mbele ya dada zangu.

Osman akaweka birika chini. Hilo la dada zake hatukuwa tumelisikia.

— Akasemaje?

— Alivaa, akabeba mtoto, akatoka. Arobaini ya uzazi haijaisha, Osman. Mke wangu ametembea barabarani kabla ya arobaini, watu wakiona, na ni mimi nimemtoa.

— Atarudi tu, Osman akasema. Subira huvuta heri.

— Na asiporudi? Yasin akauliza.

Ndipo Cynthia wa salon ya kando akaja na kikombe chake, mwanawe amelala kifuani. Yeye haketi na sisi. Anasema tunaongea sana, na enyewe hajakosea.

— Nusu tu, Mzee Osman.

— Nusu? Tangu lini?

— Si nanyonyesha. Nikizidisha, huyu hatalala na mimi sitalala. Kliniki waliniambia nipunguze tangu nikiwa na mimba. Kuacha kabisa si lazima, lakini kikombe kimoja kinanitosha.

Alituangalia mmoja mmoja, halafu akamwangalia Yasin.

— Nasikia mtoto wenu halali. Kwani Hodan hunywa ngapi?

— Flaski moja asubuhi, Yasin akasema polepole. Na ingine jioni.

Hiyo ilikuwa kazi yetu. Tangu tumbo la Hodan lilipokuwa kubwa, benchi ilikubaliana kumkirimu. Osman alisema kahawa nzito inaleta maziwa na tangawizi inarudisha nguvu ya mama, Daktari akaunga mkono, basi ikawa Osman anajaza na Marathoni anapeleka. Tuliona tumefanya jambo la heshima sana. Wengine wetu tulijisifu nalo mpaka sokoni.

— Flaski mbili, Cynthia akasema. Ai, jamani. Pengine mtoto ni mlizi tu, sijui. Lakini flaski mbili? Na yeye alikuwa anaitaka?

Yasin alijipangusa uso kwa kiganja.

— Aliniambia inampiga moyo. Aliniambia na yeye halali. Nikamwambia asikatae zawadi ya wazee, ataniaibisha. Akawa anakunywa.

Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kikombe kilikuwa mkononi mwangu bado moto, nikakiweka chini.

— Basi si ni rahisi, Daktari akasema, sauti imepungua. Apunguze kahawa, anyonyeshe, mtoto atalala. Maziwa haikuwa na makosa.

— Najua haikuwa na makosa, Yasin akasema. Sasa najua.

Osman alikuwa ameshika birika na hamimini. Akasema kosa ni lake, kwamba ni mama yake mzazi alimfundisha hivyo na hajawahi kuuliza mtu mwingine. Alisema mara mbili.

Marathoni akainuka, akapangusa kiti cha pikipiki kwa mkono wa koti.

— Panda. Kimumu si mbali.

Yasin akapanda. Alikaa nyuma ya Marathoni, mikono juu ya magoti, kama mtu anapelekwa hospitali. Halafu akatugeukia, sisi wenye ushauri wote.

— Nikifika, nimwambie nini?

Osman akamwangalia Daktari. Daktari akakohoa, na ushauri haukuja. Marathoni alikuwa na ufunguo mkononi, pikipiki hajaiwasha, na yeye anangoja jibu.